Bibi Hali Yake Si Nzuri

Tulimwacha Chapuchapu koridoni, sinia la chai mikononi, mdomo kaufumba, na huku sauti yake mwenyewe inaongea sebuleni.

Waliokosa wiki iliyopita wasihangaike, nitawabeba. Chapuchapu, au Chapu kwa kifupi, ni mlezi wa wazee. Mwajiri wake ni ofisi ya walezi, na ofisi ndiyo iliyompeleka kwenye nyumba ya ghorofa moja kumtunza Bibi Simu, mjane aliyefanya kazi ya opereta wa simu tangu usichana wake mpaka alipostaafu. Asubuhi hiyo mtoto wa pekee wa Bibi, ambaye kila mtu humwita Injinia, alikuja na mgeni asiyejulikana, akamtaka Bibi apumzike chumbani juu, akaagiza chai na kufunga mlango wa sebule. Chapu alipofika na chai, akayasikia ya kuyasikia.

"Leo Bibi hali yake si nzuri," sauti ile ilikuwa inasema, kwa utulivu wa mtu anayesoma taarifa ya habari. "Kasahau sufuria jikoni. Nimekuta moshi umetanda. Nisingewahi, saa hizi tungekuwa tunaongea mengine."

Vikombe vikagongana kwenye sinia. Chapu akabana viwiko mbavuni vitulie.

"Hiyo ni ya lini?" akauliza mgeni.

"Mwezi uliopita, Daktari," akajibu Injinia.

Kumbe daktari. Chapu alifikiri haraka, maana jina lake hakulipata bure. Mwizi ni Injinia, akaamua. Kaziiba ripoti za ofisini, au kamhonga mtu wa kule. Lazima Shangazi apigiwe simu sasa hivi, ajue ofisi yake inavuja.

Alikuwa ameshageuka arudi jikoni aliposikia kikohozi. Kikohozi kifupi, kikavu, chenye mguno mwishoni. Chapu alikijua tangu utotoni, maana alilala kitanda kimoja na mwenye nacho.

"Zipo kali kuliko hiyo," ikasema sauti ya Shangazi kutoka mle mle sebuleni. "Ngoja nizitafute, Daktari. Huyu binti anaongea vizuri, utadhani yuko redioni."

Kumbe Injinia alimfungulia mlango wa mbele kwa mkono wake, wakati Chapu yuko jikoni anachemsha maji.

Hapa niwasimamishe kidogo, kwa sababu bila kulijua hili hamtaelewa kwa nini miguu ya Chapu ilikataa kwenda mbele na ikakataa kurudi nyuma.

Shangazi ndiye mwenye ofisi ya walezi. Wafanyakazi wote humwita Shangazi kwa heshima tu. Kwa Chapu ni shangazi wa damu, dada wa baba yake. Chapu alipobaki yatima ndiye aliyemchukua, akamlisha, akamvisha, na alipokua akampa kazi. Mpaka leo anaishi naye, ana chumba chake nyumbani kwake, siku za mapumziko. Hakuna kitu Chapu alichonacho ambacho hakikupitia mkononi mwa mama yule.

Na ofisi ya Shangazi ina utaratibu wake. Mlezi hafungui geti kabla hajauliza, umetumwa na nani. Mlezi hapokei zawadi. Na kila jioni, mlezi anatuma ujumbe wa sauti kueleza mgonjwa ameshindaje. Katika nyumba ya Bibi Simu, simu ziliita popote, lakini mtandao wa kutuma sauti ulishika vizuri mahali pamoja tu, uani, chini ya kidirisha cha bafu la juu. Hapo ndipo Chapu alipokuwa anasimama kila jioni na simu mdomoni.

Sasa sikilizeni jambo ambalo utaratibu hausemi. Mgonjwa akiripotiwa kuwa mzima, mteja hupunguza siku za mlezi, na mlezi hurudishwa ofisini kukaa kwenye benchi akingoja nyumba nyingine. Chapu alipoanza kazi, mlezi mwenzake aitwaye Kicheko, shoga yake wa karibu, alimkalisha chini akamfunda.

"Usiseme mzee mzima hata siku moja," Kicheko alimwambia. "Akipiga chafya, sema kifua kinamsumbua. Akikuuliza leo siku gani, sema kapotewa na siku. Tia chumvi kidogo tu, mwenzangu, ukae kwenye nyumba yako."

Na walezi wote walitia chumvi. Haikumdhuru mtu, au ndivyo walivyodhani. Ripoti zilisikilizwa na Shangazi peke yake, na Shangazi naye alikuwa mlezi zamani, akazitia chumvi zake kabla hawa hawajazaliwa. Alijua kila chembe. Hicho ndicho kilichomkata Chapu maini pale koridoni. Mtu pekee duniani aliyejua kwamba yale maneno ni chumvi, ndiye aliyekuwa anamlisha daktari kama chakula.

Akaingia. Angefanya nini, chai inapoa.

"Shikamoo, Daktari," akasema, akaweka sinia mezani. Daktari alikuwa mwanaume wa makamo, mwenye miwani aliyoipandisha kipajini akaisahau huko. Injinia alitazama dirishani. Shangazi alimtazama Chapu usoni, akatabasamu kama vile walikuwa wamekubaliana wakutane hapa.

"Chai haina sukari," Shangazi akasema bila kuionja. "Twende nikakusaidie."

Jikoni, Shangazi alifunga mlango akauegemea.

"Kabla hujaropoka, nisikilize."

"Shangazi, zile ni ripoti za ofisi."

"Na ofisi ni ya nani?"

"Zile ni chumvi. Wewe unajua ni chumvi."

"Najua. Daktari hajui. Punguza sauti."

Chapu aliegemea sinki. "Anataka kufanya nini na Bibi?"

"Daktari akiandika kwamba mama haziwezi tena shughuli zake, mwanawe anakuwa ndiye mwenye kauli. Juu yake na juu ya nyumba. Ndo hivyo tu. Hakuna anayemuua mtu."

"Nyumba ni ya Bibi. Mimi namfanyia kazi Bibi, siwezi..."

"Nani kakwambia unamfanyia kazi Bibi?" Shangazi hakupandisha sauti. "Aliyekuja ofisini kuomba mlezi ni Injinia. Anayelipa ni Injinia. Mteja ni Injinia, mwanangu. Bibi ni kazi."

Chapu alirudia yale maneno matatu kimoyomoyo, Bibi ni kazi, na hayakumkaa. Asubuhi ile ile alikuwa amemsuka Bibi nywele, na Bibi alikuwa amemwambia mkono wako mwepesi, mjukuu wangu, nimesinzia mara mbili.

Shangazi akasogea, akamshika mabega, na sauti ikageuka ile ya zamani, ya kumbembeleza mtoto mwenye homa.

"Sikiliza. Nyumba hii Injinia ananikabidhi mimi. Tutaifanya kituo cha wazee. Bibi hahami, atabaki na chumba, chumba cha nyuma kile kizuri. Na msimamizi wa kituo utakuwa wewe. Utakaa naye mpaka afe, utamsuka hizo nywele kila siku. Mimi nitakudhulumu wewe? Daktari anataka kukuuliza kitu kimoja tu, kama sauti ni yako na kama uliyosema ni kweli. Unasema ndiyo, unarudi jikoni. Umenielewa?"

Wasomaji wangu, msimcheke Chapu kwa kunyamaza. Mtu aliyekulea akikushika mabega namna ile, unakuwa mdogo tena.

"Na ile ya sufuria?" akauliza mwishowe.

"Ile ndo bora kuliko zote. Usiiguse."

Sufuria. Mnakumbuka moshi uliotanda jikoni. Sasa niwaambie ambacho hata Shangazi hakukijua. Bibi hakusahau sufuria. Siku ile Bibi alibandika maharage, akapanda juu kujilaza, akamwachia Chapu ayaangalie. Chapu akatoka getini kuongea na Kicheko, wakapiga soga, wakacheka, maharage yakawa makaa. Bibi aliposhuka kwa harufu, Chapu akashikwa na woga. Mlezi anayeunguza nyumba ya mteja hafukuzwi tu, anapelekwa kituo cha polisi. Basi akasema la kwanza lililomjia. "Bibi, umesahau sufuria." Bibi akaduwaa, akasema, "Mimi?" Chapu akasema, "Ndiyo, Bibi. Pole." Jioni akayarudia yale yale chini ya kidirisha cha bafu.

Waliporudi sebuleni walimkuta Bibi Simu ameketi kwenye kiti chake cha mbao, gauni la kutokea, hereni masikioni, mikono juu ya magoti. Hakuna aliyemwita. Kashuka ngazi mwenyewe.

"Mama, nilikuomba upumzike," Injinia akasema.

"Nimepumzika tangu nilipostaafu, baba. Nimechoka kupumzika." Akamgeukia mgeni. "Wewe ndo daktari? Miwani iko kipajini, baba, kama ndiyo unayoitafuta."

Daktari, aliyekuwa anapapasa mfuko wa koti, aliishusha miwani akacheka kidogo. Injinia hakucheka. Daktari akamuuliza Bibi mambo madogo madogo, anakula nini, analala vipi, majirani ni akina nani, na Bibi akajibu yote bila kukosa, na pale alipokosa jina la jirani mpya alisema wazi kwamba hajalishika na hana haraka nalo.

"Siku nyingine yuko hivi, Daktari," Shangazi akaingilia kwa upole. "Siku nyingine siyo. Ndiyo maana tuna mlezi wa kumwangalia muda wote. Muulize yeye."

Daktari akamtazama Chapu. "Sauti tulizosikia ni zako?"

"Ni zangu."

"Na uliyosema humo ni kweli?"

Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Daktari, na kwa macho tu alikuwa anamwambia, sema ndiyo, mwanangu. Bibi hakumtazama Chapu. Alitazama mikono yake mwenyewe, na vidole vyake vilikuwa vinasugua goti pole pole, hivi na hivi, kama mtu anayengoja majibu hospitalini.

"Ndiyo" lilikuwa neno dogo. Lingempa kazi, chumba, shangazi, cheo.

"Si kweli," Chapu akasema.

Injinia aligeuka kutoka dirishani.

"Si kweli zote," Chapu akaendelea, na sasa maneno yalikuwa yanakimbia. "Nyingine nimezitia chumvi nisiondolewe nyumba hii. Walezi wote tunafanya hivyo. Bibi hajapotea akili. Husahau miwani, husahau majina, basi. Na ile sufuria, Daktari, ile sufuria niliisahau mimi. Yeye alikuwa amelala juu. Mimi ndiye niliyeacha moto, nikamsingizia."

Angeomba msamaha pale pale, lakini Shangazi alimwahi.

"Daktari, naomba uangalie mkono wa kushoto wa huyu binti."

Wote wakautazama. Pale palikuwa na saa ndogo ya kike, ya mkanda wa ngozi, ya zamani.

"Ofisi yangu ina sheria," Shangazi akasema. "Mlezi hapokei kitu kwa mgonjwa. Hata leso. Sasa mwulize hiyo saa kaipata wapi, halafu tupime ushahidi wake."

Chapu alimtazama shangazi yake. Bibi alipompa ile saa, siku ya kukumbuka kuzaliwa kwa Chapu, mwenyewe hakuivaa. Aliifunga kwenye kitambaa akaipeleka nyumbani kwa Shangazi, kama sheria ilivyotaka. Na Shangazi aliifungua, akaigeuza geuza, kisha akaichukua akamvalisha yeye mwenyewe, kwa vidole vyake. "Vaa, mwanangu," alimwambia. "Inakupendeza. Sheria ni za watoto wa watu."

"Shangazi," Chapu akasema taratibu, "wewe ndiye uliyenivalisha."

"Mimi?" Shangazi akamgeukia Daktari, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Unamwona. Hata mimi leo nasingiziwa. Kwa hiyo alidanganya jana au anadanganya leo, Daktari, mimi sijui. Ninachojua kahongwa."

"Amehongwa na Mama mwenyewe," Injinia akasema. "Hiyo peke yake inaonyesha Mama anavyogawa vitu vyake ovyo."

Naapa nilitaka kumaliza hapa wiki hii, mkalale na hasira kama mimi. Lakini Bibi Simu aliinua mkono, mkono mmoja, kama mwanafunzi darasani, na Daktari akasema, "Sema, Mama."

"Saa nilimpa mimi, na akili zangu zote. Hilo tulimalize." Alikohoa, akakaa sawa. "Daktari, nimekaa kwenye mtambo wa kuunganisha simu maisha yangu yote. Nimeunganisha mabwana na vimada wao, matajiri na wanaowaibia. Unasikia mengi kule. Sikutoa neno moja nje, kwa sababu niliapishwa. Sasa huyu," akamwonyesha Chapu kwa kidevu, bado bila kumtazama, "kila jioni anatoka uani, anasimama chini ya kidirisha cha bafu langu, ananisema. Mimi niko juu na taulo langu, nasikia kila kitu."

Chapu akamgeukia Bibi.

"Ulikuwa unasikia, Bibi?"

"Masikio ndiyo yalinilea, mjukuu wangu. Nilisikia ulivyosema kifua kinanisumbua. Nilisikia ulivyosema nimepotewa na siku. Nikasema moyoni, leo ataona haya, kesho hatarudia. Halafu unapanda juu, unaniletea maziwa, unanifunika miguu, unaniambia lala salama, Bibi. Na mimi nalala."

"Kwa nini hukunifukuza?"

"Wangeniletea mwingine, angesema yale yale, na miguu asingenifunika."

Injinia alikaa chini.

"Chumvi nilikuwa nishakusamehe," Bibi akasema, na sasa ndipo alipomtazama. "Lakini sufuria sikuijua. Sufuria nilikuamini. Uliposema nimesahau, nilijua kweli nimesahau. Tangu siku ile sijagusa jiko langu. Naamka naenda kuangalia kama milango nimefunga, nikifika kitandani narudi tena kuangalia. Nimekuwa najiogopa mwenyewe ndani ya nyumba yangu. Nilidhani akili ndiyo inaniaga."

"Bibi, nisamehe."

"Wao wanataka nyumba. Wewe ulinichukulia kichwa." Akanyoosha mkono, kiganja juu. "Nipe funguo."

Chapu alitoa kitita cha funguo mfukoni, cha geti, cha mlango wa mbele, cha jikoni, akakiweka kwenye kiganja kile. Akaanza kufungua mkanda wa saa.

"Saa baki nayo," Bibi akasema. "Mimi nikitoa, natoa."

Daktari alisimama, akafunga mkoba wake. Alisema leo haandiki chochote, atarudi siku nyingine peke yake, na aliposema peke yake alimtazama Injinia. Injinia na Shangazi wakamsindikiza. Mlangoni Shangazi alimpita Chapu bila kusimama.

"Nguo zako nitazitoa nje," akasema. "Uje uzichukue kabla mvua haijanyesha."

Gari likaondoka, geti likaachwa wazi, na Bibi akapanda zake juu na funguo. Basi hivyo ndivyo Chapu alivyopoteza kila kitu kabla adhuhuri haijaingia, kazi, chumba, ndugu, na bibi aliyemsuka nywele asubuhi. Na kinachouma zaidi, mmoja tu kati ya waliomfukuza ndiye aliyekuwa na haki ya kumfukuza.

Alikuwa ameshavuta begi lake hadi nje ya geti pikipiki iliposimama. Akashuka mwanamke mwenye begi kama lake, anacheka na dereva. Alikuwa Kicheko.

"Shoga," Kicheko akasema, akamkumbatia. "Bado upo? Nilijua nitakuta ushaondoka."

"Niondoke kwenda wapi?"

"Kwani hukuambiwa? Shangazi kaniambia tangu wiki iliyopita nijiandae. Kasema daktari akishakusikia tu, mimi ndiyo naingia. Aliyetoa ushahidi hakai tena kwenye nyumba, eti asije akageuza maneno."

Chapu aliachia mpini wa begi. "Wiki iliyopita?"

"Jumatatu ile. Akasema kikifunguliwa kituo, msimamizi mimi." Kicheko alicheka, kisha akaiona sura ya mwenzake, kicheko kikafia njiani. "Nini? Wewe si unapelekwa ofisini, tawi jipya? Ndo alivyoniambia."

Hakuna tawi jipya. Chapu alisimama pale akahesabu moyoni yale aliyoahidiwa jikoni na mikono iliyomshika mabega. Angesema ndiyo kwa Daktari, angemuuza Bibi, na bado leo hii angekuwa nje ya geti hili na begi lake.

"Kicheko, huyo Bibi ni mzima," akasema. "Nakuomba. Mzima kabisa."

"Najua, mwenzangu. Wote wazima." Kicheko akainua simu juu, akaizungusha hewani. "Mtandao unashika wapi humu?"

Sijui Chapu alimwonyesha kwa mazoea au kwa akili. Mwenyewe ukimuuliza hasemi. Alinyoosha kidole kuelekea uani, chini ya kidirisha cha bafu.

Kicheko akaingia, akalibamiza geti nyuma yake, likajifunga lenyewe, geti lisilofunguka ila kwa ufunguo. Hakugonga mlango wa nyumba. Hakupanda ngazi kumwamkia mwenyeji wake. Alikwenda moja kwa moja mpaka pale alipoelekezwa, akaweka begi chini, akasogeza simu mdomoni. Chapu, aliyeshika vyuma vya geti, alimsikia vizuri.

"Shangazi, nimefika salama," Kicheko akasema, kwa ile sauti ya utulivu waliyofundishana. "Bibi hali yake si nzuri. Nimemkuta anaongea peke yake, hanitambui, chakula hataki. Usiku huu sidhani kama tutalala."

Juu yake, pazia la kidirisha likatikisika.

Chapu akabonyeza kengele. Akaibonyeza tena, akaacha kidole pale pale. Kicheko alikuja mbio mpaka getini, na kwa sababu ndivyo walivyozoezwa, swali lilimtoka kabla hajafikiri.

"Umetumwa na nani?"

Chapu alikuwa ameliuliza swali lile kwa kila aliyefika pale, wapeleka gesi, mafundi, ndugu wa mbali. Hakuwahi kuulizwa yeye.

"Sijatumwa na mtu," akasema. "Nimekuja kwa Bibi."

"Basi siwezi kufungua. Usinilaumu, utaratibu unaujua."

Kidirisha cha bafu kilifunguka. Kitu kikang'aa hewani, kikagonga sakafu ya uani, kikaburuzika mpaka karibu na geti. Kilikuwa kitita cha funguo. Kiliishia kwenye kiatu cha Kicheko, mahali ambapo mkono wa Chapu, hata ukipenya vyuma mpaka begani, usingefika.

"Wewe unayenijua kuliko ninavyojijua," ikasema sauti ya Bibi Simu kutoka juu. "Mfungulie huyo."

Kicheko alitazama juu, akatazama funguo, akamtazama shoga yake kupitia vyuma. Akainama. Vidole vyake vilikuwa vimeshazigusa funguo simu ilipoanza kuita katika mkono wa pili, na wote wawili wakaliona jina lililojaa kwenye kioo.

Shangazi.